Mji Bora wa Kumweka Mama

Jumapili, 3 Novemba 2024

Nimetoka misa ya kwanza na amani moyoni. Imedumu mpaka nilipofungua simu. Kwenye kundi la familia ndugu zangu wameamka na jambo. Kaka Avit, anayeishi Mwanza, ameandika kwamba kwa kuwa sasa Tata, baba yetu, ametangulia, Mama hawezi kuendelea kukaa peke yake kijijini Buganguzi. Lazima ahamie mjini kwa mmoja wetu. Sawa. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo, ila bila haraka.

Swali likawa mji upi. Dada Annastella, wa Dar es Salaam, akasema kwa mzee hakuna kama Dar: hospitali za kila aina na wajukuu wako palepale. Avit akajibu kwamba Dar ni joto na foleni, mzee atafia barabarani akipelekwa kupimwa presha. Mji ni Mwanza, hewa nzuri, sato wabichi. Annastella akasema Mwanza ni mawe matupu. Nikawa nacheka peke yangu huku nakunywa chai.

Kisha Avit akaandika kwamba popote Mama atakapochagua, nyumba ya Tata ya Miembeni iuzwe, ajengewe chumba chake huko.

Chai ikanipalia. Nyumba ya Miembeni ndiyo ninayokaa mimi! Hapa Bukoba mjini, peke yangu, naitunza kwa macho yangu mwenyewe. Mimi Damian ni mtu wa mipango, na mtu wa mipango anahitaji paa. Wakiiuza, mkurugenzi mzima wa kampuni (haijasajiliwa bado) akalale wapi, stendi?

Nikaandika haraka: Bukoba ndiyo mji bora kuliko yote Tanzania, Mama aje kwangu. Annastella akatuma emoji za kucheka mpaka machozi.

Wameamua hivi. Jumamosi tarehe 23 ni misa ya mwaka ya Tata. Wote tutakuwa Buganguzi na Mama atataja mji wake mbele ya ukoo. Neno likishasemwa mbele ya ukoo halirudi. Akitaja Bukoba, nyumba inabaki. Akitaja kwingine, nimekwisha.

Atataja Bukoba. Nitahakikisha.

Jumatatu, 4 Novemba

Kampeni imeanza. Nimepiga picha ya ziwa, maji yametulia, ndege weupe, kila kitu. Nimeituma kundini na kuuliza kama Mwanza wanayo hii. Avit akatuma picha ya ziwa pia. Kumbe ni ziwa lilelile! Nikasema upande wetu maji ni safi zaidi. Annastella akauliza aliyepima ni nani.

Nikaenda kwa Riyadhi, mwenye duka mkabala na nyumba yangu, anipe hoja. Amezaliwa hapahapa Miembeni na anaupenda mji wake. Akanitajia ubaridi wa asubuhi, samaki, watu wastaarabu. Nikaandika yote. Halafu, bila kuombwa, akaongeza tetemeko la mwaka 2016 na mto Kanoni unavyofurika. Nikamwambia hayo hayaandikwi.

Akauliza kama kuna aliyemuuliza Mama mwenyewe anataka kukaa wapi. Nikamwambia hatujafika huko. Akanitazama kama mtu aliyepewa noti bandia. Ndiyo shida ya wenye maduka, hawana mtazamo mpana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda Buganguzi. Basi dogo mpaka Muleba, kisha bodaboda, matope mwanzo mwisho. Mama nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli, kama mgeni wa heshima, akauliza mbona nimekonda. Sijakonda. Lakini nilimwacha aamini.

Nikiwa nakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage nikaanza kazi. Nikamwambia Dar watu wanalala huku feni inawapuliza kama wagonjwa. Akasema maskini. Nikamwambia Mwanza nyumba ziko juu ya mawe, mawe mengine yako juu ya nyumba, na Avit amejenga chini ya lile kubwa kuliko yote. Akauliza kama Avit ni mzima. Nikatoa hoja kubwa niliyokuwa nimeiweka akiba: kwamba Dar ukifa unazikwa makaburi ya jumla, kushoto mtu usiyemjua, kulia mtu usiyemjua. Hapo kisu chake cha kumenyea kikasimama. Sisi Wahaya tunazikwa kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba yetu. Nikaona nimempata.

Nikamgeuzia Bukoba. Nikamwambia ni jirani, akitaka kuona kibanja chake anakuja asubuhi, jioni amerudi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa Kihaya, taratibu, kwamba yeye haendi mji wowote. Tata amelala pale nyuma ya nyumba. Jiko lisipotoa moshi, kibanja kinakuwa pori. Atabaki hapahapa, na tarehe 23 atawaambia wote hivyo.

Maawe! Avit hatakubali, namjua tangu utoto. Atambeba kama mkungu wa ndizi ampeleke Mwanza, na nyumba yangu itauzwa palepale.

Wakati natoka nilipishana mlangoni na Evodia, jirani wa kibanja cha chini, ndoo kichwani. Kila siku anamchotea Mama maji kisimani bondeni. Aliniamkia vizuri. Sikuwa na muda.

Ijumaa, 8 Novemba

Mpango mpya. Mama aje Miembeni siku chache, auonje mji kwa ulimi wake. Nimemwambia ni kwa ajili ya kupima presha. Amekubali.

Ili ajisikie kwake nimetandika nyasi sebuleni, kama nyumba za kwetu zinavyotandikwa. Nilizikata mwenyewe kando ya uwanja wa ndege, mlinzi akinifokea. Vigae vyote vikafunikwa. Mama alipoingia alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikasema moyoni, Avit kwisha habari yake.

Nyasi zilikuwa na siafu! Hawakujitokeza mpaka tulipokaa kula. Mama akapanda juu ya kiti na uzee wake wote, mimi juu ya meza, chakula kikabaki chini na wenye shughuli yao. Riyadhi alisikia kelele akaja na majivu. Akazitoa nyasi zote nje bila kusema neno, jambo ambalo naona ni dharau.

Jioni nzima Mama amekaa barazani kwa Riyadhi, miguu juu ya kreti la soda. Wamezungumza sana. Sikukaribishwa.

Jumapili, 10 Novemba

Mama ameomba arudi kwake hata kabla ya chai. Amesema ndizi za sokoni zimeshakufa kabla hazijamenywa. Amesema pia kwamba hapa mtu anaweza kukohoa wiki nzima na asitokee wa kumuuliza. Nikamkumbusha kuwa yeye hakukohoa. Akasema lakini angekohoa je.

Nilimpandisha gari. Ndipo nikagundua kwamba Avit alimpigia simu akiwa kwangu, akamkumbusha tetemeko, akamwambia nyumba ya Miembeni ina ufa ukutani. Msaliti! Ufa upo, sikatai. Lakini kuna haja gani ya kuutangaza?

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata!

Tatizo si Dar wala Mwanza. Mshindani wangu wa kweli ni Buganguzi. Mama hawezi kutamani mji wakati kijijini anaishi kama malkia. Na nani anamfanya malkia? Evodia. Maji Evodia, kuni Evodia, hata umbea Evodia. Huyu akikaa pembeni kidogo, Mama ataliona lile bonde lilivyo, na mwenyewe ataanza kuuliza habari za bomba. Si ubaya. Ni kumsaidia kufikiri.

Nimekwenda Buganguzi moja kwa moja kwa Evodia, kwa Mama sikupita. Nimemwambia ukoo umekaa na kuamua: kwa kuwa misa ya mwaka imekaribia na mipaka ya kibanja itakaguliwa, mtu asiye wa ukoo asikanyage humo mpaka misa ipite. Kwetu neno la ukoo juu ya kibanja halina wa kulibishia, na Evodia ni wa kuolewa tu, kwao ni mbali. Aliitikia. Akauliza maji ya Mama je. Nikasema yamepangwa. Akauliza kama Ma Restituta, ndivyo anavyomwita Mama, mwenyewe anajua. Nikasema anajua sana, ila anaona aibu kumwambia jirani mwema kama yeye, kwa hiyo asije akamuuliza. Hiyo aibu niliibuni palepale mlangoni. Naona ndiyo iliyomaliza kazi.

Nikampa pole kwa kukosa zile ndizi anazopewaga na Mama. Akasema hakuwa anachota maji kwa ajili ya ndizi, akaingia ndani. Watu wengine ukiwaonyesha utu hawaupokei.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi nimempigia Mama. Habari? Nzuri. Maji? Yapo. Kuni? Zipo. Nimeshangaa. Mchana nikapiga tena, akapokea anahema. Akasema yuko njiani anapanda kutoka kisimani, amekaa chini apumzike. Ndoo imemshinda, sasa anachukua kidumu kidogo. Mvua huko hainyamazi wiki nzima.

Halafu akaniuliza jambo. Evodia haji tena, na walipokutana njiani aliangalia chini. Je, nadhani yeye Mama amemkosea nini? Amejaribu kukumbuka kila neno. Labda ni siku ile alipomtania juu ya jogoo wake. Anataka kumwomba radhi ila hajui kwa kosa lipi.

Nikamwambia ndivyo walivyo watu wa vijijini, leo rafiki kesho hawakujui. Bukoba bomba liko ndani ya nyumba, unafungua tu. Kisha akauliza kama ni ndani kabisa. Kabisa, Mama!

Ameanza kulainika. Nimenunua kitanda cha mninga kwa ahadi. Kesho naanza kuziba ule ufa.

Jumapili, 17 Novemba

Bomba limekauka. Mtaa mzima. Riyadhi amenipa ndoo ya maji ya mvua na kuniuliza Mama anaendeleaje. Nikasema vizuri sana. Akauliza yule jirani yake bado anamchotea maji, maana Mama alimsifia sana jioni ile barazani. Nikasema nimeacha chungu motoni.

Nimeomba Mungu Mama asisikie habari za bomba kabla ya tarehe 23.

Jumanne, 19 Novemba

Mama ameanguka.

Naandika nikiwa hospitali hapa Bukoba, kwenye benchi la ukumbini. Aliyenipigia ni Evodia. Mama aliteleza kwenye njia ya kisimani asubuhi, akiwa na kidumu chake. Njia ile hapiti mtu kukiwa na mvua. Alilala pale kwenye matope mpaka mchana. Evodia alikuwa shambani kwake akasikia sauti, akafikiri ni mbuzi wa mtu. Kisha akasikia jina. Mama alikuwa anamwita Tata.

Toka Muleba mpaka kule juu nimelia kwenye bodaboda kama mtoto. Dereva alidhani ni mvua. Mama yangu! Mikono yake ilikuwa ya baridi, na matope yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye nywele.

Tumemleta kwa gari la parokia. Evodia amempakata kichwa njia nzima, wamekuwa wakinong'ona kwa Kihaya, mimi nimekaa mbele na dereva. Kila nilipogeuka Evodia alikuwa ananitazama. Nikawa natazama migomba.

Daktari amesema nyonga imevunjika. Kumpasua hawezi, moyo umechoka. Kutembea tena, tusitarajie. Kusafiri mbali, hapana kabisa.

Mama aliponiona aliuliza kama nimekula.

Alhamisi, 21 Novemba

Avit na Annastella wamefika, kaka kwa meli, dada kwa ndege. Wamelia, nimelia. Baadaye, nje ya wodi, Avit akasema jambo kwa sauti ya chini. Kwa maneno ya daktari, Dar haiwezekani na Mwanza haiwezekani. Mama atakaa Bukoba. Nyumba ya Miembeni haiuzwi.

Nimeshinda. Naliandika hapa ili nilione. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi, labda ni uchovu.

Kisha Annastella akataka kujua nani alimwacha Mama ashuke kisimani kwenye mvua. Evodia alikuwa amesimama palepale na kikapu cha chakula. Akasema siku zile hakuwa anakwenda. Basi. Hakuongeza kitu. Avit akamvaa. Akamwambia ndizi za Mama amekula miaka yote, na siku moja ya mvua imemshinda. Akamwambia asikanyage tena kwetu. Evodia akaweka kikapu chini, akasema ndiyo, waitu, kwa heshima ileile ya Kihaya, akaondoka na macho mekundu.

Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaishia kuuliza kikapu kina nini. Kilikuwa na ndizi zilizopondwa na supu, kwa ajili ya Mama.

Jumamosi, 23 Novemba

Misa ya Tata, Buganguzi. Mama hayupo, bado yuko hospitali. Nilikuwa na wasiwasi kwamba Evodia atakutana na mzee wa ukoo wazungumze habari za lile katazo, kwa hiyo nilimganda mzee huyo kama kupe toka kanisani mpaka kwenye kaburi. Nilimshikia fimbo, nilimshikia kofia. Evodia alisimama nje ya mpaka, upande wa kwake, hakuingia. Akasali kutokea hukohuko.

Avit akasimama akatangaza kwa niaba ya Mama kwamba mji wa kukaa ni Bukoba, kwa Damian. Wakapiga makofi. Mzee wa ukoo akasema kila familia ingekuwa na mtoto mmoja kama mimi, wazee wasingeteseka. Nikainamisha kichwa, ikaonekana ni unyenyekevu.

Jiko la Mama lilikuwa limefungwa. Nimekaa nimelipa mgongo.

Jumamosi, 30 Novemba

Mama yuko Miembeni, kwenye kitanda cha mninga. Ndugu zangu wamerudi kwenye miji yao. Kundini kila siku wananisifu. Annastella ameandika kwamba sasa ameamini, Bukoba ndiyo mji bora kwa mzee. Hatimaye! Nimeipiga picha sentensi hiyo.

Mama hasemi. Amegeukia ukutani, kwenye ule ufa. Nimemuuliza kama anataka redio, kimya. Nimemuuliza kama anataka senene, msimu umeanza, Riyadhi ametuletea sahani nzima. Ameonja mmoja.

Kazi yenyewe hakuna aliyeniambia. Kumgeuza, kumsafisha, kumlisha, kufua, kupika uji, kumgeuza tena. Akiguswa upande ule anauma shuka asipige kelele. Nilikimbilia nje mara ya kwanza. Mke wa Riyadhi ndiye aliyemalizia.

Jumatano, 4 Desemba

Leo Mama ameongea.

Nilikuwa namwosha miguu. Akaanza kwa sauti ndogo, bila kunitazama. Akasema Evodia alimwambia kila kitu siku ileile, ndani ya gari la parokia. Alikuwa analia, anamwomba radhi kwa kulitii neno la ukoo. Mama akajua palepale kwamba ukoo haukusema neno lolote. Anamjua mtoto wake. Akamwambia Evodia afunge mdomo, asimwambie mtu, hata akitukanwa.

Kitambaa kilinianguka kwenye beseni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wenzangu wana nyumba zao. Wangejua, wangenifukuza humu siku hiyohiyo. Mimi ningelala wapi?

Nilitoka uani nikalia mpaka Riyadhi akachungulia juu ya ukuta. Sijawahi kujisikia mchafu hivyo maishani mwangu. Niliporudi Mama aliniomba mambo mawili. La kwanza, niende kwa Evodia nimwambie kwa kinywa changu kwamba hakumkosea mtu. La pili, siku yake ikifika, asilale hata usiku mmoja kwenye udongo wa mjini, nimpeleke kwa Tata. Nikaapa yote mawili nimeshika mguu wake. Mguu mwepesi kama wa kuku.

Naapa tena hapa kwa maandishi: mipango nimeacha.

Jumapili, 8 Desemba

Nimetafakari kwa utulivu. Mama alijua, na bado akaninyamazia. Maana yake amenisamehe. Na kama amenisamehe, basi kwa kipimo chochote jambo lenyewe halikuwa baya kiasi nilichodhani Jumatano. Siku ile nilikuwa sijala.

Kwa Evodia nitakwenda. Barabara kwa sasa ni mbovu.

Shida iliyopo ni hii kazi. Mgongo wangu umekwisha, na mkurugenzi hawezi kufua shuka kila siku. Anahitajika mwanamke mtu mzima, mwenye nguvu, anayempenda Mama. Yupo. Mama mdogo Edvina, yule mdogo wake Mama, anaishi peke yake Izimbya. Alikuja jana kumtazama mgonjwa, akamgeuza mara moja tu na Mama hakuuma shuka. Walishikana mikono, wakacheka kidogo juu ya mambo yao ya usichana. Nikamwomba ahamie hapa. Nikamweleza uzuri wa Bukoba wote, hoja zangu bado ninazo. Akasema angetamani sana ila hawezi. Ana ng'ombe wake mmoja wa maziwa, amezaa majuzi, na hana wa kumwachia.

Mtu mzima anafungwa na ng'ombe! Nimeliwaza hilo misa nzima.

Mchana nilimkuta bwana mifugo dukani kwa Riyadhi. Nikamuuliza, kwa ajili ya maarifa tu, ng'ombe anakula nini mpaka anavimba tumbo na kufa. Akanieleza kila kitu kwa upole, na soda akaninunulia. Hakuuliza kwa nini nataka kujua. Ndiyo maana nasema hakuna mji wenye watu wema kama huu. Kesho alfajiri nakwenda Izimbya.